Nusu ya Nini? Mzozo wa Akidi katika Baraza la Wawakilishi la Minnesota

Mchana wa tarehe 14 Januari 2025, katika ukumbi wa Baraza la Wawakilishi la Minnesota mjini St. Paul, viti 67 vilikuwa na watu na viti 67 vilikuwa vitupu. Katibu wa Jimbo, Steve Simon, ambaye kisheria ndiye anayeongoza kikao cha kwanza mpaka spika apatikane, alisimamia kuitwa kwa majina, akatangaza kwamba akidi, yaani idadi ya wajumbe inayotakiwa ili kikao kifanyike, haijatimia, akaahirisha kikao. Warepublican waliokuwemo hawakunyanyuka. Walisema akidi ipo, wakaendelea bila yeye na kumchagua mwenzao Lisa Demuth kuwa spika kwa kura zote 67. Siku kumi baadaye Mahakama ya Juu ya jimbo ikatamka kwamba walichofanya siku ile hakikuwa na nguvu ya kisheria.

Ugomvi wote ulikuwa juu ya neno moja: nusu. Ili baraza lifanye kazi, katiba ya Minnesota inataka waliopo wawe zaidi ya nusu. Lakini nusu ya nini? Baraza lina viti 134, na siku ile kiti kimoja hakikuwa na mwenyewe. Ukihesabu viti, zaidi ya nusu ni 68. Ukihesabu watu walioshika viti, ambao walikuwa 133, zaidi ya nusu ni 67. Pengo la mtu mmoja likalifunga baraza zima kwa zaidi ya wiki tatu.

Nimeuchukua mkasa huu kwa sababu ndani yake unaona, bila kubahatisha, baraza la chini la jimbo la Marekani linavyoundwa, nani anahesabika kuwa mjumbe wake, na kwa nini kiti kimoja kinaweza kuwa na uzito kuliko mswada wowote. Pia kuna sababu ya karibu zaidi na sisi. Miongoni mwa wale 66 wa chama cha DFL, yaani Democratic wa huko, ambao hawakuingia ukumbini alikuwemo Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya aliyechaguliwa Novemba 2024 katika eneo la 38A, upande wa Brooklyn Park. Ni Mkenya wa kwanza kuingia katika bunge la jimbo hilo. Habari yake ilipofika Afrika Mashariki wengi walimwita mbunge wa Marekani, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanza, kwa hiyo na tuanzie hapo.

Maneno yetu yenyewe yanachanganya. Mtanzania akisema "jimbo" anaweza kumaanisha eneo linalomchagua mbunge mmoja, ilhali Marekani kwa Kiswahili tunaigawa katika majimbo 50, kila moja likiwa karibu kama nchi. Katika makala hii jimbo ni Minnesota nzima, na lile eneo dogo linalochagua mtu mmoja nitaliita eneo bunge, kama wanavyosema Wakenya.

Wazanzibari ndio wenye maneno yanayokaa sawasawa. Siku ya uchaguzi, mpiga kura wa Chake Chake humchagua mbunge wa kwenda Dodoma na mwakilishi wa kwenda Chukwani, kwenye Baraza la Wawakilishi la Zanzibar. Watu wawili, mabaraza mawili, mamlaka mawili. Mpiga kura wa Minnesota naye anafanya hivyohivyo: ana mbunge wake huko Washington, kwenye Bunge la Marekani, na ana mwakilishi wake St. Paul. Ilhan Omar, aliyezaliwa Somalia na kupitia maisha ya kambi ya wakimbizi nchini Kenya, amekuwa vyote viwili kwa nyakati tofauti. Mwaka 2016 alichaguliwa kuwa mwakilishi wa St. Paul baada ya kumshinda, katika kura za mchujo za chama, Phyllis Kahn aliyekuwa amekaa barazani miaka 44. Mwaka 2018 akachaguliwa kwenda Washington. Momanyi Hiltsley ni mwakilishi.

Mtu asidhani kwamba mwakilishi wa jimbo ni kama diwani aliyepandishwa hadhi, au mjumbe wa bunge la kaunti kule Kenya. Bunge la kaunti haliwezi kugusa kanuni ya adhabu. Bunge la jimbo la Marekani ndilo linaloiandika. Sheria za ndoa, mirathi, shule, polisi, barabara, leseni za udaktari, kodi ya mapato ya jimbo, taratibu za kupiga kura, hata mipaka ya maeneo yanayochagua wabunge wa Washington: vyote hivyo kwa sehemu kubwa huamuliwa huko. Minnesota ilifuta adhabu ya kifo mwaka 1911. Jirani yake South Dakota inayo mpaka leo. Ukivuka mpaka kwa gari umeingia kwenye sheria nyingine ya uhai na kifo, na tofauti hiyo haikuamuliwa Washington. Iliamuliwa na watu wa aina hii ya baraza.

Baraza lenyewe limepangwa hivi. Jimbo limegawanywa katika maeneo 67, na kila eneo linachagua seneta mmoja. Kisha kila eneo limekatwa vipande viwili, A na B, na kila kipande kinachagua mwakilishi mmoja. Ndiyo maana kiti cha Momanyi Hiltsley kinaitwa 38A: nusu moja ya eneo la 38. Maseneta 67, wawakilishi 134. Sensa ya 2020 iliwahesabu wakazi milioni 5.7, kwa hiyo mwakilishi mmoja anasimama kwa niaba ya watu kama 42,600. Ni idadi ndogo, mtu anaweza kuipigia hodi mlango kwa mlango katika msimu mmoja wa kiangazi, na wagombea wengi ndivyo wanavyofanya.

Kipindi cha mwakilishi ni miaka miwili. Viti vyote 134 vinarudi kwa wapiga kura kila Novemba ya mwaka wa shufwa. Seneta kwa kawaida hukaa miaka minne. Hapo ndipo jina la "chini" linapopata maana. Si suala la cheo, na katika jambo la fedha huyo wa chini ndiye anayetangulia, maana katiba ya Minnesota inasema miswada ya kukusanya mapato lazima ianzie Baraza la Wawakilishi. Lililo karibu na ardhi husikia kishindo mapema. Hasira ya wapiga kura ikipanda mwaka huu, baraza la chini hubadilika mwaka huu. Seneti inaweza kuisubiri ipoe.

Masharti ya kugombea ni machache: uwe mpiga kura halali, uwe na miaka 21, uwe umeishi Minnesota mwaka mmoja, na uwe umeishi katika eneo bunge lako miezi sita kabla ya uchaguzi. Tulikumbuke hili la miezi sita.

Novemba 2024 wapiga kura waligawa viti katikati: 67 kwa Warepublican na 67 kwa DFL. Kirefu cha DFL ni Chama cha Demokrasia, Wakulima na Wafanyakazi, nacho ndicho tawi la Democratic katika jimbo hilo tangu vyama viwili vilipoungana mwaka 1944. Viongozi wa pande zote mbili wakaanza kuzungumza namna ya kugawana madaraka. Kisha desturi hiyo ya kistaarabu ikavunjika kwa ajili ya nyumba ya kupanga.

Mgombea wa DFL katika eneo la 40B, Curtis Johnson, alikuwa ameshinda kwa tofauti kubwa, karibu pointi 30 za asilimia. Mpinzani wake akaenda mahakamani akidai Johnson hakuwa akiishi katika nyumba aliyoipanga Roseville, bali aliendelea kukaa kwake, nje ya mpaka wa eneo. Mnamo Desemba jaji akaamua kwamba sharti la miezi sita halikutimizwa. Johnson hakukata rufaa; alijiondoa. Wapiga kura walimtaka, tena kwa wingi, lakini ukazi si jambo ambalo kura nyingi zinaweza kulisamehe. Naona jaji alikuwa sahihi, ingawa nawaonea huruma watu wa 40B waliobaki bila mtu wa kuwasemea mpaka Machi.

Basi 67 kwa 67 ikawa 67 kwa 66. Gavana Tim Walz akatangaza uchaguzi mdogo wa tarehe 28 Januari ili pengo lizibwe haraka, lakini Mahakama ya Juu ikaufuta kwa sababu tangazo lilitolewa kabla ya wakati wake wa kisheria. Warepublican wakaona mlango umefunguka: kwa wiki kadhaa wao ndio wengi, na wakimchagua spika sasa, atabaki spika hata kiti cha 40B kikirudi DFL.

Spika wa huko, ieleweke, hafanani na wetu. Kenya spika hachaguliwi miongoni mwa wabunge, na anatazamiwa kukaa juu ya mivutano ya vyama. Spika wa Minnesota ni mwakilishi kama wengine, anapiga kura kama wengine, na ndiye kiongozi wa upande wenye nguvu. Ana mkono katika kuamua nani aongoze kamati ipi na mswada upi upelekwe wapi. Ukimpata spika umeipata ratiba, na mswada usioingia kwenye ratiba hauna haja ya kupingwa.

Lakini kilichowatisha DFL zaidi kilikuwa kiti kingine kabisa. Katika eneo la 54A, Shakopee, mgombea wao Brad Tabke alikuwa ameshinda kwa kura 14. Baadaye ikagundulika kwamba karatasi 20 za kura zilipotea bila kuhesabiwa. Ishirini ni nyingi kuliko kumi na nne. Kesi ikasikilizwa, baadhi ya wapiga kura walioathirika wakaja wenyewe kusema walimpigia nani, na jaji akaona kwamba hata kura hizo zingehesabiwa Tabke bado angeshinda. Uamuzi huo ulitolewa siku ileile ya 14 Januari.

Kwa kawaida tungesema mahakama imesema, yameisha. Hapa hayakuwa yameisha. Katiba ya Minnesota, kama zilivyo katiba nyingi za Marekani, inalipatia kila baraza mamlaka ya kuwa mwamuzi wa uchaguzi na sifa za wajumbe wake lenyewe. Mahakama inachunguza, neno la mwisho ni la baraza. Warepublican walikuwa wamedokeza kwamba wanaweza kumkatalia Tabke kiti na kurudisha uchaguzi. Wengi wa muda, waliopatikana kwa sababu ya kiti kimoja kilicho wazi, wangeweza kuzalisha kiti cha pili kilicho wazi.

Hofu hiyo haikutoka hewani. Uchaguzi wa 1978 nao uliwahi kuleta 67 kwa 67. Pande mbili zikagawana: upande wa Republican ukapata spika, Rod Searle, na DFL wakapata kamati nzito. Kisha mwakilishi mmoja wa Republican, Robert Pavlak, akakutwa na hatia ya kuvunja sheria ya kampeni. Mei 1979 baraza likamvua kiti kwa kura 67 kwa 66. Kiti chake kikaenda DFL katika uchaguzi mdogo, na mwaka uliofuata spika akatoka DFL. Wakati ule DFL ndio walionufaika. Mwaka 2025 walijua vizuri kisu hicho kinavyokata, kwa sababu waliwahi kukishika.

Kwa hiyo waliamua kutokuja. Tarehe 12 Januari, siku mbili kabla ya kikao, walikula kiapo katika hafla ya faragha kwenye jumba la historia la Minnesota, mbele ya jaji mstaafu, ili mtu asije akasema si wajumbe. Halafu wakabaki nje ya ukumbi.

Msomaji wa Kenya anaweza kuuliza: kwani akidi ni jambo kubwa kiasi hicho? Katiba ya Kenya imeweka namba tu: wajumbe 50 katika Bunge la Kitaifa, 15 katika Seneti. Kengele inalia, wabunge wanatoka kwenye chai, kikao kinaendelea. Mtanzania yuko karibu zaidi na mkasa huu, kwa kuwa akidi ya Bunge la Muungano ni nusu ya wabunge wote. Na neno "wote" ndilo lililokosekana Minnesota. Katiba yao inasema tu kwamba walio wengi wa kila baraza ndio akidi, na kwamba wachache wanaweza kuahirisha kikao siku hadi siku na kuwashurutisha watoro waje. Wengi wa baraza. Baraza ni viti au ni watu?

Mahakama ya Juu ilijibu tarehe 24 Januari: ni viti. Akidi ni 68, pawe na nafasi wazi au pasiwe.

Nimeufikiria sana uamuzi huo, na naona walisoma sawa. Chukua hesabu ile nyingine uifuate mpaka mwisho wake. Ikiwa akidi inapimwa kwa watu waliopo vitini, basi kila kiti kinachoachwa wazi kinashusha kizingiti. Mtu akifa, kizingiti kinashuka. Mtu akifukuzwa, kinashuka. Upande wenye mkono wa juu kwa wiki moja unakuwa na sababu ya kupunguza wajumbe, na kadiri unavyowapunguza ndivyo unavyozidi kuwa akidi peke yake. Hesabu ya viti haina mlango huo. Hata hivyo ina ubaya wake, nao si mdogo: inampa kila upande ulio karibu na nusu ufunguo wa kulifunga baraza kwa kukaa nyumbani tu. Watu walichagua wawakilishi wakafanye kazi, na kwa zaidi ya wiki tatu kazi haikufanyika. Kanuni nzuri haiondoi aibu hiyo.

Baada ya uamuzi, Warepublican waliendelea kufika, majina yakaitwa, akidi ikakosekana, kikao kikaahirishwa. Kwa kuwa hakuna upande ulioweza kwenda peke yake, walirudi mezani. Makubaliano yakapatikana, na tarehe 6 Februari wote wakaingia ukumbini. Lisa Demuth alichaguliwa spika, safari hii kihalali, kwa kipindi chote cha miaka miwili. Ni mtu mweusi wa kwanza kushika kiti hicho Minnesota, na mwanamke wa kwanza kutoka Republican. DFL kwa upande wao wakahakikishiwa kwamba Tabke atabaki na kiti chake, na kwamba hesabu ikirudi 67 kwa 67 kamati zitakuwa na wajumbe sawa na wenyeviti wawili, mmoja kila upande. Kamati moja iliachwa nje ya mpango huo: ile ya kuchunguza ubadhirifu katika idara za jimbo, iliyobaki chini ya Warepublican. Tarehe 11 Machi, David Gottfried wa DFL alishinda 40B, na mizani ikasimama katikati.

Baraza lililofungana halimaanishi baraza lililokwama, na hili watu wengi hulikosea. Linakwama kwa yale yasiyo ya lazima. Mswada hauwezi kutoka kwenye kamati yenye wajumbe sawa bila kuungwa mkono na mtu wa upande wa pili. Ukifika ukumbini, katiba inataka kura 68, yaani wingi wa viti vyote, si wingi wa waliopo. Maana yake ni kwamba kila sheria inahitaji angalau mtu mmoja kutoka upande wa pili. Miswada ya kupendeza wafuasi hufa mapema. Lakini bajeti ya miaka miwili lazima ipite, vinginevyo ofisi za jimbo zinafungwa ifikapo Julai. Na kwenye lazima hiyo ndipo mtu mmoja anapobebeshwa mzigo wa wote.

Mwaka 2025 mtu huyo alikuwa Melissa Hortman, kiongozi wa DFL barazani, aliyekuwa spika tangu 2019 mpaka mwanzoni mwa mwaka huo. Katika mapatano ya bajeti Warepublican walisisitiza kwamba wahamiaji watu wazima wasio na vibali waondolewe kwenye bima ya afya ya jimbo iitwayo MinnesotaCare. DFL ndio walioipitisha haki hiyo mwaka 2023, Hortman mwenyewe akiwa spika. Bila kifungu hicho hakukuwa na bajeti. Tarehe 9 Juni, katika kikao maalumu cha siku moja, mswada uliletwa. Ulipita kwa 68 dhidi ya 65. Kutoka DFL, kura ya ndiyo ilikuwa moja tu: ya Hortman. Alichukua mwenyewe kura ambayo hakutaka kumtwika mwenzake yeyote, kisha akazungumza na waandishi wa habari huku machozi yakimtoka.

Mtu anaweza kuipinga kura ile kwa nguvu zote. Mimi nawafikiria wagonjwa wa sukari na wa figo waliopoteza kadi zao mwisho wa mwaka ule, na siwezi kusema kura ile ilikuwa njema. Lakini ukitaka kuelewa namba 68 ni nini katika baraza lile, itazame pale. Wenzake wote wa DFL walipata nafasi ya kusema hapana kwa sababu yeye alisema ndiyo.

Siku tano baadaye, usiku wa kuamkia Jumamosi tarehe 14 Juni, Melissa Hortman na mumewe Mark waliuawa kwa risasi nyumbani kwao Brooklyn Park, na mtu aliyekuja mlangoni amevaa kama polisi. Usiku huohuo Seneta John Hoffman na mkewe Yvette walipigwa risasi nyumbani kwao na kunusurika. Jeneza la Hortman liliwekwa katika ukumbi wa kuba wa jengo la bunge ili wananchi wamuage, heshima ambayo hakuna mwanamke aliyewahi kuipata Minnesota kabla yake. La mumewe lilikuwa kando yake, na majivu ya mbwa wao pia.

Hesabu ikarudi 67 kwa 66. Kwa mujibu wa uamuzi wa Januari, akidi haikushuka, ilibaki 68. Tarehe 16 Septemba wapiga kura wa 34B walimchagua Xp Lee wa DFL kuchukua kiti chake, na ubao wa baraza ukasoma tena 67 kwa 67.